Vifungo Viwili Viwili: Kuielewa Rejimenti ya Coldstream na Kazi Zake za Lindo

Askari wa koti jekundu na kofia ndefu ya manyoya anayesimama mbele ya Jumba la Buckingham yuko lindoni. Hilo ndilo la kwanza kulishika, na ndilo linalopotea upesi kwenye picha na video. Si mwigizaji aliyevikwa mavazi ya kale, wala hakuwekwa pale na idara ya utalii. Ni askari wa miguu wa jeshi la kawaida. Ana zamu ya saa mbili, ana eneo lake la kulinda, ana amri za lindo alizozikariri, na miezi michache kabla au baada ya hapo anaweza kuwa Laikipia, Kenya, kwenye mazoezi yanayoendeshwa kutoka Nanyuki, ambako vikosi vya Walinzi hufika kwa zamu kama vikosi vingine vya Uingereza. Karibu kila kinachoonekana mbwembwe katika sherehe zake kilianza kama kazi: kukabidhiana ufunguo, kupokezana zamu, kuwaonyesha askari bendera yao ili wasipoteane vitani. Ukiijua kazi ya asili, sherehe inafunguka yenyewe.

Tutaifuata zaidi rejimenti moja, Coldstream, kwa kuwa ndani yake mna fundo ambalo rejimenti nyingine hazina: ilizaliwa kuwa jeshi la waliomkata mfalme kichwa, ikaishia kumlinda mwanawe.

Nani ni nani

Walinzi wa miguu wana rejimenti tano: Grenadier, Coldstream, Scots, Irish na Welsh. Ukiongeza mbili za farasi, Life Guards na Blues and Royals, unapata saba zinazounda divisheni ya kumlinda mfalme na makazi yake. Wa farasi ndio wenye kofia za chuma na bamba la kifuani, na lindo lao liko Horse Guards, mtaa wa Whitehall. Wale wazee wa Mnara wa London wenye majoho ya buluu iliyokoza yenye nakshi nyekundu hawamo katika hizo saba. Ni wanajeshi wastaafu waliotumikia miaka isiyopungua 22, na kazi yao ni ya Mnara peke yake. Polisi wenye silaha nao wapo kila mahali, na ndio wanaobeba sehemu kubwa ya ulinzi wa kila siku dhidi ya mhalifu au gaidi. Askari wa gadi na polisi hufanya kazi pamoja, ila wageni huwachanganya mara kwa mara.

Rejimenti hizi tano zina mpangilio wa ukubwa wa heshima, na mpangilio huo haufuati umri. Asili ya Scots Guards ni 1642, Coldstream 1650, Grenadier 1656. Irish waliundwa tarehe 1 Aprili 1900 kwa amri ya Malkia Victoria, kuwaenzi askari wa Kiayalandi waliopigana Afrika Kusini, na Welsh wakafuata Februari 1915, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa umri tu, Scots wangekuwa wa kwanza. Lakini kinachohesabiwa ni lini rejimenti iliingia katika utumishi wa ufalme wa Uingereza. Grenadier waliundwa Bruges na Charles II akiwa uhamishoni, kwa hiyo walikuwa wa mfalme tangu siku ya kwanza. Scots waliingizwa katika jeshi la Uingereza baadaye. Coldstream wako katikati, na namna walivyofika hapo ndiyo hadithi yenyewe.

Kutoka kwa Cromwell hadi kwa mfalme

Charles I alikatwa kichwa Januari 1649. Mwaka uliofuata Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge lililompindua mfalme, alikuwa anajiandaa kuivamia Uskoti, na alimtaka George Monck, ofisa hodari, aongoze rejimenti. Tatizo ni kwamba Monck aliwahi kupigana upande wa mfalme, akatekwa na kufungwa katika Mnara wa London, na askari wa rejimenti ya kwanza aliyotajiwa walimkataa waziwazi. Cromwell akamuundia nyingine: kombania tano kutoka rejimenti ya Hesilrige iliyokuwa Newcastle, na tano kutoka ya Fenwick iliyokuwa Berwick. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Septemba 1650, rejimenti hiyo mpya ilikuwa katika mapigano ya Dunbar, ambako Waskoti walishindwa vibaya.

Jeshi hilo la Bunge lilikuwa likivaa makoti mekundu tangu 1645. Watu hudhani wekundu ule ni rangi ya kifalme. Kwa kweli ulienea kupitia jeshi lililompindua mfalme, kisha mfalme aliporudi akaurithi pamoja na askari wenyewe.

Cromwell alifariki Septemba 1658 na utawala ukaanza kuyumba. Majenerali walivutana wao kwa wao, Bunge likafungwa na kufunguliwa, mishahara ya askari ikachelewa. Monck, aliyekuwa ameachiwa jeshi la Uskoti, alingoja akitazama. Tarehe 1 Januari 1660 alivuka mto Tweed kutoka kijiji cha mpakani kiitwacho Coldstream, akaanza safari ya miguu ya wiki tano wakati wa baridi kali hadi London. Hakutangaza anakwenda kufanya nini. Alipofika mapema Februari aliwarudisha bungeni wabunge waliokuwa wamefukuzwa, hatua iliyoleta uchaguzi mpya, na Bunge jipya likamwalika Charles II arudi. Mfalme aliingia London tarehe 29 Mei 1660, siku aliyotimiza miaka 30.

Baada ya hapo Bunge liliamua kulivunja jeshi la Cromwell lote. Rejimenti ya Monck ilikuwa kwenye foleni ya kuvunjwa, ikaokolewa na tukio la Januari 1661. Kundi la wafuasi wa madhehebu yaliyoamini kwamba utawala wa Kristo duniani umekaribia, wakiongozwa na Thomas Venner, walifanya uasi wa silaha mitaani London, na askari wa Monck walikuwa miongoni mwa walioitwa kuuzima. Serikali ikaona mfalme asiye na kikosi cha kudumu hana usalama. Tarehe 14 Februari 1661, kwenye kilima kilicho jirani na Mnara wa London, askari wale waliweka silaha chini kama askari wa Bunge, wakaziokota tena kama askari wa mfalme. Tendo hilo la dakika chache ndilo linalowapa nafasi ya pili nyuma ya Grenadier.

Nafasi hiyo hawajaipenda hata leo. Kaulimbiu yao ya Kilatini, Nulli Secundus, maana yake si wa pili kwa yeyote. Na gwaride limewapatia njia ya kuiheshimu: rejimenti zote zinapojipanga mstari mmoja, Grenadier husimama mwisho wa kulia, pahali pa heshima, na Coldstream husimama mwisho wa kushoto, wengine wakikaa katikati. Hivyo Coldstream hawasimami kando ya Grenadier kama namba mbili. Jina la kijiji walilipata rasmi baada ya Monck kufariki Januari 1670. Kabla ya hapo ilikuwa rejimenti yake yeye.

Vita vyao ni vingi, na kimoja kinatosha kueleza kwa nini wanajiheshimu hivyo. Waterloo, Juni 1815, Wafaransa wa Napoleon walilishambulia shamba la Hougoumont lililokuwa ubavu wa kulia wa jeshi la jemadari Wellington wa Uingereza. Kundi lao lilivunja lango la kaskazini na kuingia uani. Luteni kanali James Macdonell wa Coldstream, pamoja na Koplo James Graham na wengine wachache, walilisukuma lango hadi likafunga, na Wafaransa waliokuwa wamekwisha kuingia wakabaki peke yao. Wellington alisema baadaye kwamba ushindi wa siku ile ulitegemea kufungwa kwa lile lango. Zikaja Crimea, vita viwili vya dunia, na karibuni Helmand, Afghanistan, ambako batalioni ya kwanza ilipelekwa 2007 na tena 2009. Hata nyumbani vita viliwafuata: Jumapili ya tarehe 18 Juni 1944 bomu la kuruka la Wajerumani liliangukia kanisa la Walinzi katika kambi ya Wellington, hatua chache kutoka Buckingham, wakati ibada ikiendelea. Watu 121 walikufa, wanajeshi na raia.

Kumsoma askari kwa macho

Kwa mbali wote ni wekundu. Ukisogea, sare inakuambia yeye ni wa rejimenti gani kwa njia tatu, na ni vizuri kuzijua zote kwa sababu moja inaweza kufichika.

Ya kwanza ni vifungo vya mbele ya koti. Grenadier wana vifungo kimoja kimoja kwa nafasi sawa. Coldstream viwili viwili. Scots vitatu vitatu, Irish vinne vinne, Welsh vitano vitano. Hesabu hiyo ndiyo nafasi ya rejimenti katika ukubwa, imeshonwa kifuani.

Ya pili ni kishada cha manyoya kwenye kofia. Grenadier wana cheupe upande wa kushoto. Coldstream chekundu upande wa kulia. Scots hawana kabisa. Irish wana cha buluu kulia, Welsh wana cheupe chenye mkanda wa kijani katikati, upande wa kushoto. Kwa zile rejimenti tatu za kale, maelezo yanayotolewa ni ya mstari wa vita: aliye mwisho wa kulia avae kushoto, aliye mwisho wa kushoto avae kulia, wa katikati hahitaji alama. Wakati wa baridi, wanapovaa makoti mazito ya kijivu, kishada ndicho kinachoonekana kwanza.

Ya tatu ni nembo ya ukosi: bomu la mkono linalowaka kwa Grenadier, nyota ya Nishani ya Garter kwa Coldstream, mbaruti kwa Scots, jani la shamroki kwa Irish, kitunguu liki kwa Welsh. Hii inataka uwe karibu.

Kofia yenyewe ina urefu wa takriban sentimita 46 na uzito wa kilo moja kasorobo hivi. Ndani kuna fremu iliyosukwa kama kikapu, juu yake ngozi ya dubu mweusi wa Kanada. Ilianza kama vazi la askari warusha mabomu ya mkono. Grenadier walilipata pamoja na jina lao 1815, kwa heshima ya kuwashinda walinzi wa Napoleon huko Waterloo, na Coldstream na Scots wakaruhusiwa kulivaa 1831. Mnyororo wake haupiti chini ya kidevu kama wengi wanavyodhani. Hukaa chini kidogo ya mdomo wa chini, na kofia inatulia kwa mizani ya kichwa. Askari anayeinama ghafla anaiona ikienda, na ndiyo sababu shingo yake haipindi. Gharama imepanda hadi zaidi ya pauni 2,000 kwa kofia moja, na watetezi wa wanyama wamekuwa wakilishinikiza jeshi litumie manyoya ya bandia. Jeshi hujibu kwamba kila ya bandia iliyopimwa imeshindwa kwenye kunyonya maji au kushika umbo. Mjadala huo haujaisha, na hoja ya watetezi ina uzito, hasa kofia inapokuwa ya gwaride na si ya vita.

Kubadilisha gadi, hatua kwa hatua

Gadi ya Mfalme jijini London imegawanyika sehemu mbili: iliyo Jumba la St James na iliyo Buckingham. Kubwa kwa heshima ni ile ya St James, ingawa mfalme hana makazi pale. Jumba la Whitehall liliungua 1698, baraza la mfalme likahamia St James, na hata Victoria alipohamia Buckingham 1837 hakuna aliyeuhamisha ukuu huo. Ndiyo maana bendera ya kikosi hukaa St James, na ndiyo maana Charles III alitangaziwa ufalme kwenye roshani ya jumba hilo tarehe 10 Septemba 2022. Askari waliovua kofia zao za manyoya uani na kumshangilia mara tatu walikuwa wa Coldstream.

Idadi ya gadi hutegemea kama mfalme yupo. Akiwepo, kwa kawaida ni maofisa 3 na askari 40, na walinda lindo wanne mbele ya Buckingham. Asipokuwepo hushuka hadi maofisa 3 na askari 31, na walinda lindo wawili. Mgeni anaweza kuhesabu mwenyewe kwenye geti, kisha akaangalia juu ya paa kuhakikisha: bendera ya kifalme ikipepea, mwenyewe yupo.

Sherehe kwa kawaida hufanyika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, kwa saa za London. Saa 4:30 asubuhi gadi ya zamani ya St James hujipanga uani kwake na kukaguliwa. Saa 4:43 hivi hutoka na bendera, ngoma zikitangulia, kuelekea Buckingham, ambako wenzao wa gadi ya zamani tayari wamejipanga. Wakati huohuo, ng'ambo ya barabara, gadi mpya inakaguliwa katika kambi ya Wellington. Saa 4:57 hutoka na bendi kamili, na saa 5:00 huingia getini kwa mwendo wa haraka, kisha kwa mwendo wa pole husogea kuikabili gadi ya zamani.

Hapo hutokea kiini cha shughuli yote, na watazamaji wengi hukikosa kwa sababu kinachukua sekunde chache tu. Makapteni wawili hutoka mbele ya vikosi vyao, hukutana, na mikono yao ya kushoto hugusana. Huo ndio ufunguo wa jumba unaokabidhiwa kwa ishara. Kuanzia hapo dhamana imehama. Kinachofuata ni utekelezaji: walinda lindo wapya hupelekwa mmoja mmoja kwenye vibanda vyao na wa zamani hurudishwa, taarifa za zamu husomwa na kukabidhiwa, na maofisa hutembea huku na huku. Bendi hupiga muziki kwa kuwa kazi hiyo inachukua muda, karibu robo tatu ya saa. Mpigo hauchaguliwi kwa utakatifu. Zimewahi kupigwa nyimbo za sinema na za pop. Mwisho gadi ya zamani hurudi kambini na sehemu ya gadi mpya huenda St James na bendera yake.

Mwendo wao wa haraka ni hatua 116 kwa dakika, taratibu kidogo kuliko hatua 120 za askari wengine wengi wa miguu wa Uingereza, na kila hatua ni inchi 30, yaani sentimita 76. Masajenti wa gwaride hubeba fimbo ya miguu miwili inayofunguka kama bikari ili kupimia hatua hizo chini. Kwa ajili ya nidhamu hiyo, kuruti wa Walinzi hukaa wiki mbili zaidi mafunzoni Catterick kuliko kuruti wa rejimenti nyingine za miguu.

Gadi si mali ya Walinzi peke yao. Vikosi vingine, vikiwemo vya nchi za Jumuiya ya Madola, hualikwa kuishika. Juni 2017 Kapteni Megan Couto wa jeshi la Kanada alikuwa mwanamke wa kwanza wa jeshi la miguu kuiongoza.

Saa mbili kibandani

Zamu ni saa mbili lindoni na saa nne za mapumziko, kwa siku nzima na usiku wake. Si kweli kwamba askari haruhusiwi kujongea. Anaruhusiwa, na anatakiwa. Anaposimama mguu pande kwa muda, hujiweka mguu sawa, huweka silaha begani na kutembea hatua 15 mbele ya lindo lake, hugeuka, hurudi, mara nne au tano, kisha husimama tena. Walinda lindo wawili wa geti moja hufanya hivyo kwa pamoja, na ishara ni kugonga sakafu kwa kitako cha bunduki. Mwendo huo unarudisha damu miguuni. Bunduki ni ileile ya SA80 anayoitumia mazoezini, na singe iliyofungwa mbele yake ni ya chuma cha kweli.

Kwa anayemsumbua kuna ngazi. Kwanza hukanyaga kwa nguvu na kusimama mguu sawa, jambo ambalo peke yake huwashtua wengi. Akiendelea kusumbuliwa hupaza sauti kumwamuru mtu asimame mbali na Gadi ya Mfalme. Halafu huileta bunduki mbele ya kifua. Ikizidi, hubonyeza kitufe kilichomo kibandani na msaada hufika. Anayesimama kwenye njia yake ya kutembea hatazungukwa: ataambiwa apishe, na asipopisha atapigwa kumbo. Watu hulalamika mitandaoni kwamba askari alikuwa mkali. Amri zake hazimpi hiari ya kukwepa, na anayejua hilo atasogea mapema. Hadi 1959 vibanda vya Buckingham vilikuwa nje ya uzio, watu wakiwagusa askari na kuwavuta. Usumbufu ulipozidi, lindo likahamishiwa ndani ya uzio, liliko hadi leo. Windsor na Mnara wa London bado unaweza kumkaribia, na ndiko migongano hutokea.

Funguo za Mnara

Kila usiku, saa 3:53 kamili, mkuu wa walinzi wa Mnara wa London hutoka na taa na funguo kuyafunga malango makuu. Askari wa gadi ya Mnara humsindikiza. Wakirudi, mlinda lindo huwazuia chini ya tao na kuuliza nani anakuja. Hujibiwa: ni funguo. Funguo za nani? Funguo za Mfalme Charles. Hapo huruhusiwa kupita, mambo ni salama. Saa inapogonga 4:00 usiku tarumbeta hulia na shughuli imekwisha. Ni dakika saba tu, hakuna bendi, na watazamaji ni wachache wanaoomba nafasi mapema sana. Hata wakati wa mashambulizi ya ndege za Wajerumani, bomu lilipowaangusha chini, waliinuka wakaendelea, na ofisa wa gadi akamwandikia mfalme barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa.

Lindo jingine la usiku limekufa. Baada ya ghasia za Gordon zilizoitikisa London 1780, Walinzi waliilinda Benki Kuu ya Uingereza kila usiku hadi 1973, karibu miaka 200.

Kuipitisha bendera mbele ya safu

Hili ndilo gwaride kubwa kuliko yote, hufanyika Juni katika uwanja wa Horse Guards kwa siku rasmi ya kuzaliwa mfalme. Wanashiriki askari zaidi ya 1,400, farasi 200 na wanamuziki 400. Limehusishwa na siku hiyo tangu 1748, na tangu 1760 likawa la kila mwaka.

Asili yake ni ya lazima. Kwenye moshi wa baruti askari hasikii amri na haoni jirani yake, anachoweza kukiona ni bendera ya kikosi ikiwa juu. Ilibidi aijue vizuri. Kwa hiyo ofisa kijana aliibeba na kuipitisha polepole mbele ya kila mtu safuni. Hicho ndicho kinachofanywa bado, na bendera hupitishwa moja tu kila mwaka, rejimenti zikipokezana. Kwa Walinzi bendera ya mfalme ni nyekundu iliyoiva na bendera ya rejimenti ndiyo yenye msalaba wa kitaifa, kinyume kabisa na rejimenti nyingine za miguu. Hata mtu aliyelelewa jeshini huweza kuteleza hapo.

Fuata mambo haya na hutapotea. Bendera huwa imesimama upande wa mbali, imeshikwa na sajenti, ikilindwa. Mpiga ngoma mmoja hupiga mlio wa kuita. Kombania iliyochaguliwa kuisindikiza hutoka kwenda kuichukua, na afisa mteule mkuu wa batalioni huchomoa upanga, jambo ambalo kwa kawaida halifanyi gwaridani. Yeye huipokea bendera kutoka kwa sajenti na kuikabidhi kwa ofisa kijana. Kisha kombania hiyo hurudi kwa mwendo wa pole ikipita katikati ya safu za wenzao, bendera ikipita mbele ya kila uso. Baadaye wote hupita mbele ya mfalme mara mbili, kwa mwendo wa pole na kwa mwendo wa haraka, kisha farasi.

Mazungumzo hujaa kuhusu askari, lakini bendi nazo hufanya jambo gumu kuliko yote uwanjani. Wanamuziki wote wa miguu, wakiwa bonge moja, inawapasa wageuke digrii 90 mahali padogo bila kuacha kupiga. Wengine huenda mbele, wengine kando, wengine hurudi nyuma. Hakuna mwongozo ulioandikwa. Kila mmoja hujifunza kwa kufuata aliye mbele yake. Bendi ya Coldstream yenyewe ilianzishwa 1785 kwa wanamuziki kutoka Hanover, na bendi za Walinzi wa zama hizo ziliajiri pia wapiga matari na matoazi weusi, waliovishwa vilemba kwa mtindo wa Kituruki uliokuwa umeshika soko. Ni sehemu ya historia ya watu weusi London inayosahaulika kirahisi.

Msomaji wa Kenya anayeitazama shughuli hii ataitambua mara moja. Jeshi la Kenya hupitisha bendera yake namna hiyohiyo Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, kwa mwendo wa pole na wa haraka, makoti mekundu yakiwa juani. Utaratibu ulikuja na jeshi la kikoloni, ukabaki baada ya bendera ya wakoloni kushushwa.

Kinachoharibika, na sababu yake

Kuzimia ndiko kunakojulikana zaidi. Kwenye mazoezi ya gwaride la Juni 2023, joto likiwa nyuzi 30, askari kadhaa walianguka mbele ya Mwanamfalme William. Koti la sufu na kofia ya manyoya vinahusika, ila chanzo hasa ni kusimama. Mtu asipojongea, damu hutuama miguuni kwa kuwa misuli ya mashavu ya miguu haiisukumi kurudi juu. Moyo hupata damu kidogo, shinikizo hushuka, ubongo huzima. Joto huongeza tatizo kwa kutanua mishipa na kukausha mwili. Kinga ni ndogo ndogo na zinafundishwa: kunywa maji tangu usiku wa jana yake, kula kifungua kinywa, kutokaza magoti kabisa, kuvibana vidole ndani ya viatu na kuuhamisha uzito kutoka kisigino kwenda mbele bila mtu kuona. Anayeona nyota ana sekunde chache tu, na akianguka jirani yake haruhusiwi kumdaka. Wabeba machela ndio huja.

Mvua ikizidi, kubadilisha gadi kwa sherehe hufutwa na zamu hupokezana kimyakimya. Ratiba pia hubadilika kwa ziara za viongozi na maandamano. Kwa hiyo jeshi huitangaza na ni vyema kuiangalia asubuhi yenyewe.

Ukienda, usijaribu kuona kila kitu. Shughuli ina sehemu tatu zinazofanyika kwa wakati mmoja na hakuna mahali panapoonyesha zote. Anayetaka makabidhiano ya ufunguo awe kwenye uzio wa Buckingham kabla ya saa 4:00 asubuhi. Anayetaka kuona ukaguzi kwa karibu, vifungo na vishada, asimame kwenye vyuma vya kambi ya Wellington saa 4:30. Anayetaka utulivu aende St James, ambako watu ni wachache na bendera inatokea. Kote ni bure.